Mfasiri Aliyeacha Mahali Patupu

Baba yangu aliitwa Rwechungura, mama yangu Kokubanza, na mimi nilizaliwa Kimwani, katika Muleba, kwenye kibanja ambacho migomba yake ilifika hadi mlangoni. Andika hivyo, Kemi mjukuu wangu, wala usiongeze pambo. Nimewataja wazazi ili atakayesoma ajue kwamba anayesema ana alikotoka. Shule sikuiona hata kupitia dirishani, na kalamu sijaishika. Lakini maneno nimeyashika tangu nikiwa binti. Mtu ninayetaka kumweleza leo aliyashika pia, kwa namna yake, na namna yake ilinikosesha raha miaka mingi.

Jina lake sitalitaja. Tulimwita Mfasiri, na inatosha. Yeye mwenyewe alikataa jina lake liwekwe katika kazi aliyoifanya, na mimi si mtu wa kumpa alichokikataa. Watakuwapo watakaosema ninalificha kwa wivu. Waache waseme, hawajapotea njia.

Ukoo wake na kuzaliwa kwake sitavieleza, kwa sababu sikumjua akiwa mtoto. Nilimjua mtu mzima, jirani yangu hapa Nshambya, mwanamke mrefu, mwembamba, ambaye shingo yake ilitangulia kufika kila alikokwenda. Alikuwa na miwani machoni, miwani nyingine kwenye paji la uso, na mara nyingi ungemkuta akizunguka nyumba akitafuta ya tatu. Alitafuna kahawa kavu kutwa nzima, kama wanaume wazee wa zamani, na maganda akayatia mfukoni mwa sweta. Ukimkumbatia, mfuko ule ulichakarika.

Alikuwa na neno kinywani wakati wote. Simaanishi kwamba alisema sana. Namaanisha kwamba alipokuwa na kazi ya kufasiri, neno lililomshinda alilibeba, akatoka nalo kibanjani, akaligeuza ulimini huku ameshika kisu cha kupogolea. Siku hizo migomba yake iliona taabu. Alikata majani mabichi, akaacha makavu yakining'inia. Mimi kwenye mpaka nilitazama na kusema moyoni: huyu ndiye wanayemwita msomi.

Naye huyo, aliyekula kwa maneno, alikuwa mbahili wa salamu. Salamu za kwetu Wahaya zina ngazi, na mtu aliyelelewa haruki ngazi. Unauliza usiku ulivyopita, unauliza watu wa nyumbani, unanyamaza kidogo, ndipo unaleta shida yako. Mfasiri angeruka yote.

“Mama Koku, waitu, umeamka?”

“Nimesimama mbele yako. Unaniona nimelala?”

“Vizuri. Sasa niambie, mzee akikataa kula kwa sababu ya hasira, si ya ugonjwa, mnalisemaje jambo hilo kule kwenu Kimwani?”

Nami ningemwambia. Hapo ndipo penye ubaya wote: ningemwambia, kwa kuwa nilijua, na mtu anayejua hawezi kukaa kimya anapoulizwa. Angeshukuru, angegeuka, na kesho yake neno langu lingekuwa limeandikwa katika karatasi ya watu, limevaa viatu, linatembea bila mimi.

Lazima nieleze kazi yangu, la sivyo wivu huu utaonekana wa kipumbavu. Nilipoolewa, tuliishi kwanza Bilele, katika vyumba vya uani kwa familia moja ya Waislamu ambao babu zao walitoka pwani. Kiswahili nilijifunza kwa masikio yangu kutoka kwa mama wa nyumba ile, na yeye hakukubali neno lililokaa vibaya. “Rudia,” alisema, huku anachambua mchele. Nikarudia. Ndiyo maana Kiswahili changu kimenyooka kuliko cha baadhi ya wenye vyeti. Baadaye watu wa Muleba walipoleta wazee wao mjini kutibiwa, wazee wasiojua ila Kihaya, na daktari ni mtu wa mkoa mwingine, waliniita mimi. Niliketi kati ya wawili hao. Sikusema “daktari anasema”. Nilisema “mimi”. Daktari alipokuwa anazungumza, nilikuwa daktari. Mzee alipojibu, nilikuwa mzee. Niliugua magonjwa yote ya wilaya ya Muleba kwa kinywa changu, na jioni nikaenda nyumbani mzima.

Lakini maneno yangu yalikufa jioni ileile. Hakuna aliyeyaokota. Ya Mfasiri yalilala kwenye karatasi, yakaamka kesho, yakasomwa na watu asiowajua. Nilitazama jambo hilo na halikunipendeza.

Sasa niseme juu ya mashine.

Mfasiri alikuwa na kompyuta aliyopewa na watu waliokuwa wamechoka nayo. Kuiwasha ilikuwa kama kumwamsha mlevi: inaguna, inanyamaza, inaguna tena. Umeme wetu mnaujua. Siku moja alikuwa anamalizia kufasiri maelezo marefu ya dawa za akina mama wajawazito, umeme ukakatika, na kazi ikaenda nao. Nilisikia kilio nikadhani kuna msiba, nikavuka mpaka na khanga mkononi. Nikamkuta amesimama mbele ya mashine, anaitukana kwa Kihaya cha wachungaji wa rweya, kule mbugani kwenye malisho, maneno ambayo sikujua kwamba mwanamke wa kanisani anayo.

“Nunua mpya,” nilimwambia.

“Na yule wa Ngara atanunua? Na wa Ukerewe? Wafasiri wote wa lugha kama zetu wanatumia mabaki ya wenzao. Mimi sitaki mashine mpya, Mama Koku. Nataka hii ya zamani iwe na adabu.”

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Alikutafuta wewe, Kemi, uliyekuwa umerudi kutoka chuoni na ujuzi wako na huna ajira, pamoja na vijana wawili wa mjini. Mkajifungia chumbani kwake kutengeneza kitu nilichoambiwa kinaitwa mfumo endeshi. Niliuliza ni kitu gani, na wewe ukanijibu kwa maneno yaliyonizidishia giza. Yeye akanijibu hivi: “Mashine bila mfumo ni nyumba isiyo na mama. Vyombo vimo, kuni zimo, lakini hakuna anayejua kijiko kilipo. Mfumo ndiye mama. Huyu mama waliyetuuzia ni mnene, anakula chakula chote cha nyumba kabla hajapika. Sisi tunatafuta mama mwembamba.”

Nikaelewa, na nikachukia kwamba nimeelewa haraka hivyo.

Mliuchukua mfumo mmoja ulioachwa wazi kwa kila mtu, mkatoa ndani yake kila ambacho mfasiri hakihitaji: michezo, mapambo, matangazo. Mkabakiza pa kuandikia, kamusi, hazina ya sentensi zilizokwisha kufasiriwa, na ujanja wa kuhifadhi kazi kila mara, ili umeme ukikatika mtu asipoteze hata nukta. Ulienea kwenye flashi ndogo ya kukaa mfukoni pamoja na maganda ya kahawa. Mashine ya zamani ikaamka kama mkamwana mpya. Na ulitolewa bure. Aliyetaka aliuchukua, aliyeweza aliutengeneza zaidi, naye akautoa vilevile.

Watu wakaanza kuja. Walikuja wafasiri kutoka ng'ambo ya ziwa. Waliandika salamu kutoka nchi ambazo wewe ulinionyesha kwenye ramani na mimi nikajifanya nimeziona. Njia ya kwenda kwake ikawa nyeupe kwa kukanyagwa. Ya kwangu ikaota nyasi. Mama mmoja wa kwaya aliniambia mbele za watu barazani pa kanisa:

“Mama Koku siku hizi amepumzika. Tunasikia mashine ya jirani inajua Kihaya kumzidi.”

Wakacheka. Nikamuuliza, “Na ikiamka asubuhi, inakuamkia kwanza, au inasubiri uiwashe?”

Wakacheka zaidi, safari hii upande wangu. Lakini nilirudi nyumbani na lile neno lake likiwa limenikaa kooni kama mwiba wa sato. Na nyumbani nikakukuta wewe, damu yangu, unapika jikoni mwangu huku ukikariri misemo ya yule mwanamke. Nguo zako zilinukia kahawa yake. Usiinue macho. Andika.

Alikuwa mtu wa kinyume na kinyume. Kazi ya miaka aliitoa bure kwa watu asiowajua, na ndizi alizihesabu kwenye mkungu kabla ya kukupa kichane. Alisema na watu wa mbali kila siku, na mkutano wa mtaa hakuuhudhuria. Sufuria alilitia kiraka juu ya kiraka. Wakati wa senene, mji mzima unapokimbia na ndoo, yeye aliketi ndani akilalamika kwamba taa za wavunaji zinapunguza nguvu za umeme, kisha kesho yake alikuja kwangu na bakuli kuomba. Nilimpa. Alikula amesimama, hakuacha hata mguu mmoja wa mdudu.

Siku aliyokuja kuniomba kitu kikubwa, aliketi. Ndipo nilipojua ni kikubwa. Alisema katika hazina yao ya sentensi wameweka maneno ya mahakamani, ya shambani na ya msiba, lakini sehemu moja inamshinda: namna ya kumwambia mzee wa Kihaya kwamba ana ugonjwa mzito.

“Hilo ni lako,” alisema. “Nimekusikia ukilifanya. Tupe.”

“Na jina langu litakaa wapi?”

“Hatuweki majina. Hata langu halimo.” Akanyoosha mkono kuelekea nyuma ya nyumba yangu. “Ni kama machipukizi ya migomba, Mama Koku. Jirani akikuomba chipukizi, humuuzii, wala hulichori jina.”

“Hulichori. Lakini ile migomba iliyo nyuma ya jiko lako, unaiitaje?”

Alijua ninachokusudia. Machipukizi yale nilimpa mimi alipohamia, na kwa desturi yetu, shina la migomba uliyopewa huitwa kwa jina la mtu aliyekupa. Hata watoto waliotumwa kwake waliambiwa, “Kata majani kwenye ile ya Mama Koku.”

“Wewe,” nikamwambia, “jina lako limo vinywani mwa watu wote. Ndiyo maana huna haja ya kuliandika. Aliyeshiba ndiye anayesema chakula si kitu.”

Hakukasirika. Angekasirika, ingenisaidia. Alitoa kahawa mfukoni, akanipa, nikaziweka juu ya meza bila kutafuna. Wewe ni Mhaya. Unajua kahawa iliyoachwa mezani ni undugu uliokataliwa.

Vijana wakachoka kusubiri. Wakaijaza sehemu ile wao wenyewe siku ambayo Mfasiri alikuwa safarini, na wewe ulikuwamo, Kemi, usikohoe. Wakaandika sentensi zilizonyooka kama rula: una ugonjwa fulani, uko mahali fulani, utafanyiwa upasuaji. Kihaya chao kilikuwa safi, sikukitia doa. Mganga wa zahanati moja huko kwetu Muleba, kijana mwema asiyejua lugha yetu, akamsomea mzee mmoja wa Kimwani sentensi hizo mojamoja. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Akashukuru. Akachukua fimbo yake, akaenda nyumbani, akawaita wanawe na kuwagawia kibanja. Alikuwa na uvimbe ambao ungetolewa na akaishi. Lakini kwetu, mtu mzima akiambiwa ugonjwa wake uso kwa uso namna ile, anaelewa jambo moja tu: ameruhusiwa kwenda kupanga mirathi. Mzee akatii.

Habari zilipofika, Mfasiri alikuja kwangu kabla jua halijapanda. Na siku hiyo, kwa mara ya kwanza, hakuruka salamu hata moja. Alipita ngazi zote hadi chini. Ndipo akasema, “Twende Kimwani.”

Tukaenda. Sitajigamba. Niliketi na yule mzee nje ya nyumba yake tangu asubuhi hadi wanawe walipoanza kuwasha moto wa jioni, na uvimbe sikuutaja. Kumwambia mtu habari nzito si kazi ya kusema, ni kazi ya kuuliza. Unaketi chini kuliko yeye. Unaanza na kibanja, maana huko ndiko aliko. Unauliza kahawa ataivuna nani, paa litaezekwa lini, mwana wa mwisho ameoa wapi, na kila swali linamsogeza hatua kidogo, mpaka mwenyewe analitoa neno. Neno alilolitoa mwenyewe halimwangushi. Yule mzee alisema, “Kwa hiyo nikikatwa hiki kitu, mwakani nitaivuna mwenyewe.” Nikamwambia, “Mimi sijasema. Wewe umesema.” Akarudi kutibiwa.

Muda wote huo Mfasiri alikaa kando, ameshika magoti, hatafuni chochote. Nilijua ananisikiliza kwa masikio ya mwizi. Nikajisemea: sasa ameupata, kesho utakuwa kwenye flashi. Nilikaa nikisubiri nije nikuulize wewe, Kemi, ili nipate sababu ya kumchukia sawasawa.

Nawe ukaniambia kwamba aliporudi alizifuta zile sentensi zote, na mahali pake hakuandika chochote. Palikuwa patupu, na juu ya utupu huo aliandika: “Hapa pana mwenyewe.” Mfumo ulienda kwa watu ukiwa na shimo. Watu wa mbali wakauliza, wakajitolea kulijaza, wengine wakamtajia wazee wao. Akakataa. Vijana wakanuna. Akakataa. Na kwangu hakuja kuniomba tena, wala hakunitumia mtu.

Mnadhani nilifurahi? Sikufurahi. Kama angeniibia, tungekuwa sawa. Aliniheshimu bila kuniuliza, na hapo akanishinda tena, na hakukuwa na mtu wa kumlalamikia.

Nimalizie na siku ya mwisho nilipomwona akiwa na akili zake zote.

Alikuwa amelazwa hapa mjini. Wewe ulinipeleka. Alikuwa amekonda hata shingo haikutangulia tena, imerudi kukaa juu ya mwili kama za watu wengine. Daktari alikuwa amekwisha kuzungumza naye kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na yeye lugha zote mbili alizijua kuliko daktari. Hakuhitaji mkalimani. Kompyuta ilikuwa mezani, imefungwa.

“Mama Koku,” alisema, “nimeshaambiwa kwa lugha mbili. Hazijafika. Niambie wewe.”

“Unajua tayari. Nikuambie nini?”

“Niambie kama unavyowaambia wa Muleba.”

Kulikuwa na kiti. Sikukikalia. Nilitandika khanga sakafuni, nikaketi chini yake. Wewe ukaivuta kompyuta, na yeye akakuzuia kwa kidole kimoja. Sikutazama mtu. Watu wa siku hizi wangetamka kwamba mgomba ukishazaa hukatwa na machipukizi hubaki. Huo ni usemi wa matangani, haumfai aliye hai. Mimi nilimsalimu, ngazi zote. Nikamuuliza juu ya sufuria lenye viraka, kama bado linavuja. Nikamuuliza majani makavu ameyaacha mpaka lini. Tukaenda hivyo, taratibu, akijibu, akicheka mara moja mpaka nesi akachungulia. Kisha nikauliza:

“Na kahawa ya safari hii, nani ataianika?”

Alinitazama. Miwani hakuwa nayo, ya macho wala ya paji.

“Wewe,” alisema.

“Mimi sijasema.”

“Ndiyo. Nimesema mimi.”

Akafumba macho, na uso wake ukatulia. Baadaye akaniomba nimtolee kitu mfukoni mwa sweta lililoning'inia. Zilikuwemo kahawa chache katikati ya maganda. Akachukua moja, akanipa moja. Safari hii niliitafuna palepale, mbele yake, na ilikuwa chungu, haikuchemshwa vizuri, maana na upishi pia ulimshinda.

Basi, Kemi, sikiliza cha kuhifadhi.

Nimeianika kahawa yake juu ya mikeka yangu, na mwakani utaianika wewe. Migomba iliyo nyuma ya jiko lake usiruhusu mtu aing'oe, hata nyumba ikipangishwa. Maneno niliyomwambia siku ile hospitalini usiyaandike zaidi ya hapo nilipokutajia. Mengine yalikuwa yake, na yalikufa jioni ileile kama kawaida ya maneno yangu. Sasa najua kwamba si kila kinachokufa kimepotea, lakini usilifanye hilo kuwa msemo.

Kesho ukimaliza kupalilia, lete mashine. Nitakupa maswali, moja baada ya jingine, kama yanavyoulizwa kwa aliye mzee, kwa mama mwenye watoto wadogo, kwa mtu asiye na mtu. Yaweke mahali alipopaacha. Mtu wa mbali akija kuyabadilisha, mwachie, maana ulinieleza kwamba ya kwanza hubaki chini yake na mwenye kutaka atayakuta. Ufute ile sentensi yake inayosema pana mwenyewe.

Na jina langu usiliweke. Asije akaonekana ni yeye peke yake aliyeweza kukaa bila jina. Ila majina ya baba yangu na mama yangu niliyoyataja mwanzo, na Kimwani, hayo yaache palepale. Mwenye akili atafuatilia.